Sura ya Tano: Fundi Ndiye Anayechagua Gia

Ukitoka Kisangani kwenda Yangambi kwa gari, unaelekea magharibi, mto Kongo ukiwa mkono wako wa kushoto. Unavuka mto Lindi, kisha unashika njia ya udongo inayopita vijijini, kwenye mashamba ya mihogo na migomba, na katikati ya vipande vya msitu. Umbali wote ni karibu kilomita 100. Kwenye lami ni safari ya saa moja na ushei. Huku dereva mwenye akili hatoi ahadi ya saa kabla hajatazama mawingu, kwa sababu Yangambi hupata takriban milimita 1,800 za mvua kwa mwaka, na kiangazi chake ni kifupi mno kuikausha njia ikakauka kweli.

Watu wengi huenda kwa pikipiki, au kwa mtumbwi wenye mashine. Magari yanayothubutu ni machache: malori ya wafanyabiashara, Land Cruiser za taasisi na miradi, na pick-up zilizokula chumvi nyingi. Chungulia ndani ya magari hayo ya kazi, na mara nyingi utakuta pedali tatu na mkono wa gia uliolainika kwa viganja vya watu. Mgeni kutoka Dar es Salaam au Nairobi, ambako vijana wengi wanamiliki gari la kwanza bila kuijua klachi, ataona kama watu wa huku wamebaki nyuma.

Lakini Yangambi haijawahi kuwa mahali pa kuogopa vitu vipya. Mwaka 1933 Wabelgiji waliunda taasisi ya utafiti wa kilimo, INEAC, na Yangambi ndiyo ikawa kituo chake kikuu cha utafiti. Hapo ndipo utafiti wa michikichi ya tenera na wa kahawa ya robusta ulipofanywa kwa kiwango kilichoifanya Yangambi ijulikane katika nchi zote za joto. Leo mrithi wake, INERA, bado yupo, pamoja na chuo cha elimu ya kilimo, hifadhi ya msitu inayotambuliwa na UNESCO, na, tangu mwaka 2020, mnara wa CongoFlux wenye urefu wa mita 55, ambao vyombo vyake hupima kaboni inayoingia na kutoka msituni. Watafiti wanaoamini vyombo hivyo juu ya mnara ndio haohao wanaposhuka huingia kwenye gari la gia ya mkono. Kama wangekuwa wanaogopa elektroniki, wangeanza kuiogopa kule juu.

Kwa hiyo sababu iko kwingine, na sura hii inaitafuta. Nitakachodai ni hiki: duniani kote watu hubishana kuhusu gia ya mkono na otomatiki kana kwamba ni suala la ladha ya dereva, ilhali anayechagua hasa ni fundi aliye karibu, pamoja na duka la vipuri lililo nyuma yake.

Hoja zilizopitwa na wakati

Ingia gereji yoyote kuanzia Kisangani hadi Mwanza, uulize kwa nini gia ya mkono inapendwa. Utapewa majibu matatu: haili mafuta, ina nguvu, na ndiyo gia ya dereva wa kweli.

Jibu la kwanza lilikuwa sahihi zamani. Otomatiki za kizazi cha 1970 nyingi zilikuwa na gia tatu tu, na nguvu ya injini ilipitia kwenye mafuta yanayozunguka kabla ya kufika kwenye magurudumu. Sehemu ya nguvu hiyo iliishia kuwa joto. Baadaye watengenezaji wakaweka ndani yake klachi ndogo inayofunga mzunguko huo gari likishashika mwendo, na gia zikaongezeka hadi nane, hata kumi. Otomatiki ya leo yenye afya inaweza kutumia mafuta sawa na gari la gia ya mkono, au pungufu.

Jibu la pili linakanushwa ndani ya Kongo yenyewe. Nenda kusini, kwenye migodi ya shaba na kobalti ya Kolwezi na Tenke Fungurume. Malori yanayopanda kutoka mashimoni yakiwa na makumi ya tani za mawe hubadilisha gia yenyewe. Hakuna mwenye mgodi ambaye angemwachia dereva aliyechoka zamu ya usiku akanyage klachi ya lori la ukubwa huo. Nchi ni moja, udongo ni mwekundu vilevile, mvua inanyesha huko pia, lakini uamuzi umekuwa kinyume kabisa na wa Yangambi. Tofauti ni kwamba mgodini kuna karakana ya zege, mafuta maalumu ya gia yapo kwa mapipa, na mafundi waliofundishwa mitambo hiyo wanaishi palepale.

Jibu la tatu, la udereva wa kweli, tuliache barazani. Sifa hazijawahi kulivuta gari kutoka kwenye tope.

Masanduku mawili, akili mbili

Ili kuelewa kwa nini fundi ndiye mwenye kauli ya mwisho, lazima tufungue masanduku yote mawili ya gia.

Injini ina tabia moja ya ukaidi: haiwezi kutoa nguvu ya maana ikizunguka polepole mno, na haiwezi kuzunguka kasi bila kikomo. Gia zipo ili magurudumu yaende taratibu huku injini ikizunguka kwa raha. Mwaka 1891 Panhard et Levassor wa Ufaransa walitengeneza gari lenye mpangilio ambao bado tunaufuata: injini mbele, klachi nyuma yake, kisha meno ya gia yanayosogezwa kwa mkono. Meno yale yaligongana kwa kelele mpaka dereva azoee. Mwaka 1928 Cadillac ilileta gia zinazolinganisha mwendo wa meno kabla hayajashikana, na kelele ikapungua. Tangu hapo, aliyelala mwaka 1930 akaamka leo angelitambua giaboksi la mkono bila kuelezwa.

Otomatiki ilizaliwa majini. Mjerumani Hermann Föttinger alisajili uvumbuzi wake mwaka 1905 akitafuta njia ya kuunganisha mtambo wa meli na panga boi lake: panga moja linasukuma mafuta, na mafuta yanasukuma panga la pili, bila chuma kugusa chuma. Wamarekani waliuchukua ujuzi wa kupitisha nguvu kwenye mafuta wakaupeleka barabarani. General Motors iliuza Hydra-Matic kwenye magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, na wakati wa vita gia hizohizo zikaendesha vifaru vidogo vya M5. Ndani yake kuna pampu, vali nyembamba, mafungu ya sahani, na siku hizi kompyuta inayoamua lini kila fungu libanwe.

Ukilitazama giaboksi la mkono, karibu kila kinachoharibika unaweza kukiona kwa macho na kukishika kwa vidole. Kwenye otomatiki, kinachoharibika mara nyingi ni shinikizo la mafuta, au ishara ya umeme, au uchafu usiofikia ukubwa wa punje ya mchanga. Cha kwanza fundi hukisoma kwa mkono na sikio. Cha pili kinadai kifaa cha kukisoma.

Kwenye tope, otomatiki si mjinga

Tusiionee otomatiki. Ikiwa nzima, kwenye tope inafanya vizuri kuliko wanavyodhani wasioijua. Mafuta yanayozunguka ndani yake hupeleka nguvu kwenye magurudumu kwa upole, kwa hiyo tairi halizunguki ghafla na kujichimbia shimo. Tena hubadilisha gia bila kukata nguvu, na kwenye tope kukata nguvu kwa nusu sekunde kunatosha kukulaza hapo.

Dereva wa gia ya mkono hana anasa hiyo. Kanuni yake ni moja: chagua gia kabla ya kuingia, na ukishaingia usiiguse klachi. Kwenye Land Cruiser ataruka kwanza chini kufunga habu za magurudumu ya mbele, atavuta mkono mdogo kuingiza gia nzito, ataweka namba mbili, kisha ataachia gari litambae kwa mwendo uleule mpaka litoke upande wa pili. Asiyejua hufanya kinyume. Huingia na namba kubwa, injini ikilemewa anakanyaga klachi nusu huku akiongeza moto, na ndani ya dakika chache kabini nzima inanuka kama breki zilizoungua. Hiyo ni sahani ya klachi inakwisha.

Kwa hiyo ukipimwa udereva peke yake, otomatiki inamsamehe mjinga, na gia ya mkono inamwadhibu. Mtu angetarajia njia mbaya izae otomatiki nyingi. Yangambi imefanya kinyume, kwa sababu hesabu ya huko haiishii kwenye kulipita shimo. Inaendelea mpaka kwenye swali la pili: likigoma, nani atalifufua?

Anza na jambo dogo, betri. Gari la gia ya mkono lenye dizeli ya kizamani, betri ikichoka, huhitaji watu watano na mteremko mdogo. Funguo inawashwa, namba mbili inaingizwa, watu wanasukuma, dereva anaachia klachi, na injini inashtuka ikawaka. Otomatiki ya kawaida haikubali mchezo huo, kwa sababu pampu yake huzungushwa na injini. Injini ikilala hakuna shinikizo, na bila shinikizo magurudumu hayana njia ya kuizungusha injini. Kwa sababu hiyohiyo haipendi kuvutwa umbali mrefu na lori lingine, kwa kuwa magurudumu yanazungusha sanduku ambalo halipati mafuta ya kulainisha. Mwenye kujua hufungua kwanza propela shafti. Asiyejua huvuta, na akifika gereji ana matatizo mawili badala ya moja.

Kazi ya siku moja chini ya mwembe

Sasa tazama klachi iliyokwisha inavyotengenezwa mahali ambapo hakuna jeki ya karakana wala winchi ya umeme.

Gari linapandishwa juu ya magogo mawili, au linawekwa juu ya shimo lililochimbwa kwa kazi hiyo. Fundi analala juu ya gunia, anafungua propela shafti mbili, nyaya, na silinda ndogo inayosukuma klachi. Giaboksi la Land Cruiser pamoja na sanduku la magurudumu ya mbele ni mzigo ambao mtu mmoja hathubutu kuupokea kifuani, kwa hiyo mti unapitishwa ndani ya kabini kutoka mlango hadi mlango, kamba inashuka kwenye tundu la mkono wa gia, na vijana wawili wanalishikilia huku yeye akitoa bolti za mwisho. Linarudishwa nyuma taratibu, linashushwa, na mambo yote yako wazi.

Hapo hahitaji kompyuta. Anaitoa sahani na kuipitisha kidole gumba: ikiwa vichwa vya riveti vimefikiwa, imekwisha. Anaangalia vidole vya presha kama vimelika kwa usawa. Anazungusha beringi ya rilizi karibu na sikio kusikia kama inakwaruza. Kama sahani mpya haijapatikana, wapo mafundi wanaong'oa utando wa zamani na kupigilia mwingine kwa riveti kwenye sahani ileile. Wakati wa kurudisha, sahani lazima ikae katikati kabisa, la sivyo giaboksi haliingii. Kiwandani kuna chombo maalumu cha kuipanga. Huku fundi anachonga kijiti kwa panga, anakizungushia utepe mpaka kinakaa sawasawa kwenye tundu, na kazi inakwenda. Akipata sahani asubuhi na wasaidizi wanaojua wanachofanya, jioni gari linaweza kuwaka.

Weka otomatiki mahali pa gari hilo. Dalili ni kwamba inachelewa kushika, au inaruka gia. Huenda mafuta yamepungua, huenda ni mafuta yasiyofaa, huenda ni vali ya umeme, waya ulioingia maji, au sahani za ndani zimeungua. Kila moja ina dawa yake, na bila kifaa cha kusoma makosa fundi anabahatisha. Akilifungua, anahitaji meza safi, mahali ambapo upepo hauleti vumbi. Hata kuongeza mafuta si jambo la kuchota pipa lolote, maana otomatiki za mkanda wa chuma, zilizojaa kwenye magari madogo ya Kijapani, huharibika zikipewa mafuta ya otomatiki za aina nyingine.

Ndiyo maana hata mijini mafundi wengi wa Afrika Mashariki hawaitengenezi otomatiki iliyoharibika vibaya. Wanaing'oa nzima na kuweka nyingine iliyotumika. Njia hiyo ni nzuri ukiwa karibu na Kirinyaga Road mjini Nairobi, soko la Kisekka mjini Kampala, au Gerezani jijini Dar es Salaam, ambako maduka yana magiaboksi yamepangwa kama magunia ya mahindi. Otomatiki inategemea soko kama hilo. Kadiri unavyosogea mbali nalo, ndivyo thamani ya kijiti cha fundi inavyopanda.

Bandari mbili zinakutana Kisangani

Kisangani ina jambo la pekee katika habari hii. Mto Kongo unapitika kwa meli kutoka Kinshasa mpaka hapo, kilomita 1,734, kabla ya maporomoko ya Wagenia kufunga njia. Kutoka mashariki inafika barabara ndefu inayopita Beni, Komanda, Nia-Nia na Bafwasende. Bidhaa za magharibi huingia kwa Matadi, zikafikishwa Kinshasa, kisha zikapanda mto. Za mashariki huanzia Mombasa au Dar es Salaam, na nyingi hupita Uganda na mpaka wa Kasindi.

Kila njia huleta gari la tabia yake. Magari yaliyotumika ya Ulaya yana usukani kushoto, kama sheria ya barabara ya Kongo inavyotaka, na kwa miaka mingi Wazungu wa Ulaya walipendelea gia ya mkono. Magari ya Japani yana usukani kulia, na Japani iliiacha gia ya mkono mapema: mwaka 1991 ilianzisha leseni ya kuendesha otomatiki tu, na wengi wa wanafunzi wa udereva wakaishika hiyo. Magari wanayoyaacha ndiyo yanayopakiwa kuja Mombasa na Dar es Salaam. Kwa hiyo kijana wa Nairobi anayedhani amechagua otomatiki, kwa kiasi kikubwa alichaguliwa na mwanafunzi wa udereva wa Osaka.

Katika uwanja wa kuuzia magari Kisangani, utasikia mnunuzi akimwuliza muuzaji: "Papa, hii ni ya vitesi ao otomatiki?" Jibu humwambia zaidi ya namna ya kuliendesha. Humdokezea limetoka bandari gani, vipuri vyake vitatoka upande gani, na kama barabara ya mashariki ikifungwa kwa vita atasubiri kwa muda gani. Kwa anayezunguka mjini tu, Toyota ndogo ya otomatiki inatosha na inapumzisha mguu. Kwa anayekwenda Yangambi, Isangi au Opala, muuzaji mwaminifu atamwelekeza kwenye pedali tatu.

Kongo ina takriban kilomita 152,400 za barabara kwenye vitabu vya serikali, na zenye lami ni kama 3,000 tu katika nchi ya zaidi ya kilomita za mraba milioni mbili. Kwa hiyo Yangambi si kisa cha pembeni. Hali yake ndiyo hali ya kawaida, na barabara ya Nairobi ndiyo ya pekee.

Shule ya pikipiki

Kuna sababu nyingine ambayo wataalamu wa magari huisahau: dereva hutoka wapi? Katika nchi zenye otomatiki tupu, mtu anayejua klachi amekuwa adimu, na shule za udereva zinatoza pesa kumfundisha. Katika jimbo la Tshopo, kulipo Kisangani na Yangambi, shule hiyo ni ya bure na iko kila kona. Ni pikipiki.

Kijana anayebeba abiria Kisangani, au madumu ya mawese kutoka vijijini, anaendesha klachi kutwa nzima. Mkono wa kushoto unaibana na kuiachia, mguu wa kushoto unapandisha na kushusha gia. Amejifunza kuondoka kwenye mlima akiwa na abiria wawili na mbuzi bila injini kuzima, na kushuka mteremko wenye utelezi kwa kushusha gia ili injini imshikie, bila kubana breki. Siku atakapokabidhiwa usukani wa pick-up, kitu kigeni kwake kitakuwa upana wa gari. Klachi anaijua tayari. Mafundi nao hupitia njia hiyohiyo: aliyebadilisha sahani za klachi za pikipiki mara nyingi hashangai akiona ya gari.

Gia ya mkono, basi, ina nyuma yake jeshi zima la watu waliokwisha kuijua. Otomatiki haina jeshi hilo bado, na jeshi la namna hiyo haliletwi ndani ya kontena.

Ikija siku

Siku hiyo inakuja, hata hivyo, na si kwa kuombwa na watu wa Yangambi. Toyota iliporudisha Land Cruiser ya mfululizo wa 70 kwenye soko la Japani mwishoni mwa mwaka 2023, iliiuza kwa otomatiki ya gia sita tu. Hili ni gari ambalo tangu mwaka 1984 limekuwa rafiki wa kila misheni, hospitali na mradi wa vijijini Afrika. Masoko yetu bado yanapata ya gia ya mkono yenye dizeli ya lita 4.2 isiyo na kompyuta, lakini kiwanda hakiwezi kuendelea milele kutengeneza kitu ambacho wateja wake wakubwa wamekiacha. Na nyuma ya otomatiki linakuja gari la umeme, ambalo kwa kawaida lina gia moja tu na halina klachi kabisa.

Anayesimamia magari ya taasisi Yangambi anaweza kujiandaa tangu sasa, kwa kufuata yale migodi ya kusini ilivyofanya. Kabla ya kupokea otomatiki ya kwanza, anunue mafuta yake ya gia ya kutosha mwaka mzima na ayafungie stoo mbali na mapipa mengine. Anunue kifaa cha kusoma makosa, na amtume fundi mmoja, si dereva, akakae miezi katika karakana inayofungua magiaboksi hayo kila siku. Atenge chumba kimoja kikavu chenye meza safi. Avute matundu ya kupumulia ya giaboksi kwa mipira hadi juu, ili maji ya mito yasiingie. Akishindwa kugharamia hayo, aendelee kuagiza pedali tatu bila kuona haya, hata kama bei ya otomatiki inavutia. Na akiweza kuyagharamia yote, bado abaki na Land Cruiser moja ya gia ya mkono, yenye kamba nzuri nyuma.